Gari Lililomsubiri Mwana

Baba mkwe wangu ana maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni makali. Nasema hivi kwa heshima zangu zote, maana mkwe ni mkwe: humjibu, humkatizi, na akikuchoma unasema ahsante. Mimi ni kinyozi. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitaja kwa jina mbele za watu. Husema "yule anayeshika vichwa vya watu," kana kwamba navishika ili niibe kilichomo. Nimezoea. Kichwa chake mwenyewe nakinyoa mwisho wa kila mwezi, bure, na bado hulalamika kwamba wembe wangu hauna makali.

Lakini haya si yangu. Ni ya mke wangu, na ya gari kuukuu ambalo nusura linitoe kwenye adabu niliyofundwa.

Mke wangu ni fundi wa pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono. Watu wote humwita Fundi. Mteja akichungulia dukani kwangu na kuuliza "Fundi yupo?" mimi na mkasi wangu mkononi hujua kabisa si mimi ninayeulizwa. Nyumba yetu ni chumba na sebule, na mwenye nyumba hasa ni vyuma. Chini ya kitanda kuna mabomba. Nyuma ya mlango kuna spana ndefu ambayo kila mgeni lazima aipige teke. Ukifungua kopo la sukari bila kuangalia, unaweza kukoroga chai kwa washa za mpira, zile pete za kuzibia pampu. Silalamiki, maana vyuma hivyo ndivyo vinavyotulisha siku watu wanapoamua kufuga nywele.

Visima vyake vingi viko juu milimani, kwenye vitongoji ambavyo barabara imevikataa. Yeye hupanda kwa pikipiki ya kukodi, akiwa amekaa upande, mabomba yamefungwa kwa mpira kando yake, marefu kuliko pikipiki yenyewe. Mara nyingine hukodi pikapu. Pikapu hufika kwenye kijito, dereva huzima injini, hushuka, huyatazama mawe kama mtu aliyefiwa, halafu husema, "Fundi, mkataba wetu unaishia hapa." Basi mke wangu hubeba mabomba kichwani, moja moja, mpaka juu. Akirudi nyumbani jioni namkanda shingo kwa mafuta ya ubuyu ya dukani kwangu, na yeye hulala kabla sijamaliza.

Sasa gari. Mzee, yaani mkwe wangu, alikuwa dereva wa wapima barabara. Kazi ilipokwisha na wapimaji walipofunga virago, wenzake walichukua kiinua mgongo, yeye akaomba apewe gari. Wakampa, nadhani kwa furaha. Ni gari la kupanda milima, la enzi za chuma kizito, turubai nyuma na mabenchi mawili ya kutazamana. Wengine huliita jipi. Mimi, kimoyomoyo, nilibadilisha herufi moja nikaliita jipu. Mzee mwenyewe aliliita Kifaru, akalijengea kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, kizuri kuliko jiko la marehemu mama mkwe.

Na kila mtu aliyekuja kuulizia bei, na walikuja wengi, alijibiwa maneno yale yale. Mzee alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha kamba, anagonga boneti kwa fimbo na kusema: "Hili haliuzwi. Linamsubiri mwanangu. Siku yake ikifika atakuja, atachukua ufunguo, ataondoka nalo."

Nimeyasikia maneno hayo mpaka nikayachoka. Mke wangu pia aliyasikia, na mara nyingi aliyasikia akiwa chini ya gari hilo hilo, miguu tu ndiyo inayoonekana. Kwa sababu ni nani mwingine aliyelilea? Alianza angali msichana, akiosha magurudumu. Baba yake alipoanza kupungukiwa na macho, akawa yeye anayetoa hewa kwenye breki, anayebadilisha oili, anayefukuza panya waliozalia kwenye kiti cha nyuma. Kila Jumapili alikwenda kuliwasha, aliache lingurume kidogo, alizime. Klachi aliifunga yeye, peke yake, siku mbili mgongo chini, na mzee amekaa hapo hapo akimwambia anavyokosea.

Lugha yetu ni karimu sana. Inasema "mwanangu," inasema "atakuja," na haijali kama ajaye amevaa suruali au gauni. Kila anayesikiliza huingia humo na kujipatia kiti. Mke wangu alikuwa amekaa humo miaka yote, ametulia, hana wasiwasi hata kidogo.

Ana mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ambaye mzee alimpa jina la Bosi tangu anatambaa. Bosi alisomeshwa, akaenda mji wa mbali, anafanya kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Ni kijana mzuri, hana matusi, ana meno meupe. Sijawahi kumwona ameshika spana. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yao, na alipofika kwenye kibanda alipiga picha ameegemea boneti ya Kifaru kama mwindaji, kisha akafuta suruali kwa kitambaa.

Siku moja mke wangu aliingia dukani mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilidhani amechoka, nikamfunika shuka la kunyolea kwa utani nikamuuliza, "Dada, tunapunguza au tunaondoa zote?"

Hakucheka. Akasema, "Baba ameweka kibao kwenye Kifaru."

"Kibao gani?"

"Kipande cha boksi. Kimeandikwa LINAUZWA."

Nikaweka mkasi chini. Mteja aliyekuwa akisubiri akajifanya anasoma gazeti lililokuwa limepinduliwa.

Mtu mwingine angelia au angekasirika. Yeye alifikiri, maana ndivyo alivyo. Pampu haijawahi kutengenezwa kwa hasira. Akasema baba yake lazima amekwama. Labda ni macho, labda anataka kwenda kutibiwa na anaona aibu kusema. Na kama amekwama, hawezi tena kumpa mwanawe gari bure, na mwana mwenye akili hawezi kukaa akisubiri kupewa. "Nitalinunua," akasema. "Yeye atapata pesa, gari litabaki nyumbani, mimi nitafika juu."

Alisema "nitafika juu" kama mtu anayesema atafika peponi. Hapo nikajua nina kazi.

Nilipinga, sifichi. Nilimwambia rahisi ni ghali, na gari hili hata rahisi si. Nilimwambia gari hilo linakunywa mafuta kama lililolishwa chumvi. Nilimwambia vipuri vyake vimebaki kwa wafu. Akanisikiliza, akanijibu kwa swali moja: "Wewe ukipewa mashine ya kunyolea kuukuu ambayo umeifungua na kuifunga mwenyewe tangu utoto, utamwogopa nani?" Nikasema twende tukamwite makanika alitazame kwanza. Alikubali kwa sababu anaheshimu ufundi, hata wa wanaume.

Makanika wa mtaa wetu anaitwa Sikio, kwa sababu hutega sikio kwenye injini kabla ya kuifungua, kama daktari. Mzee alimruhusu, akijua tu kwamba kuna mnunuzi. Sikio aliingia chini, akagonga hapa na pale, akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Chesisi, hii fremu ya chini, imeliwa na kutu upande wa kulia," alisema. "Inaweza kuchomelewa. Giaboksi inalalamika ukiingiza gia ya nguvu, ile ya kupandia milima. Turubai ni la kutupa. Lakini injini..." Akatikisa kichwa. "Injini hii imelelewa. Mtu aliyekuwa akiitunza alikuwa anaipenda. Ningekuwa na barabara mbaya ya kupanda, ningelichukua leo."

Mke wangu aliangalia pembeni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amesikia kila neno. Akasema, "Ndiyo. Nimelitunza sana."

Nimelitunza! Mimi ulimi uliniwasha mpaka nikaumeza. Mke wangu hakuonekana kujali. Kwake hiyo ilikuwa sawa, baba anapojisifu kwa kazi ya mwanawe ni kama amemsifu mwanawe. Kuna watu hupika hata mawe wakayala kwa hamu, na mimi nimeoa mmoja wao.

Kabla ya kurudi kwa mzee kuzungumza, mke wangu alivaa gauni lake la bluu, akanawa mikono kwa mafuta ya taa mpaka kucha zikatakata. Tuliingia sebuleni. Ile sebule ina viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa na marehemu, na ukutani kuna picha ya Bosi amevaa joho. Ya mke wangu haipo. Sikuwahi kuliona hilo mpaka siku ile. Ukienda kwenye nyumba kila mwezi, macho huacha kuhesabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyo naye?"

Huyo ni mimi. Nikaamkia, nikakaa pembeni.

Mke wangu hakuzunguka. "Baba, yule mnunuzi ni mimi. Nataka kulinunua Kifaru."

Mzee akageuza fimbo yake mikononi. "Wewe?"

"Mimi."

"Haiwezekani."

Nilimwona mke wangu akitabasamu, na najua alichokuwa akifikiri, kwa sababu aliniambia baadaye. Alifikiri baba yake anasema mtoto hanunui kwa mzazi wake, hupewa. Alifikiri muda umefika, kwamba mzee sasa atanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati na kusema chukua. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Kwa nini haiwezekani, baba?"

"Kwa sababu hilo si gari la kuuziana kwa mali kauli. Nikikuuzia wewe utaniletea vipande vipande, leo kidogo, kesho kidogo. Na pesa yenyewe si yangu. Nilimpigia Bosi simu, nikamwambia mwanangu, gari lako linaoza, njoo ulichukue. Amesema huko aliko halina kazi. Amesema niliuze, nimtumie pesa." Akashusha pumzi. "Nimelitunza miaka yote kwa ajili yake, na ameliacha. Basi."

Nje mtu alikuwa akipita na redio. Tukaisikia mpaka ikaishia.

"Baba," mke wangu akasema, "ulikuwa ukisema linamsubiri mwanao."

"Ndiyo."

"Ulikuwa ukimsema Bosi?"

Mzee alimtazama, na nitasema ukweli ingawa sipendi kumtetea: hakuwa na ubaya usoni. Alishangaa tu. Alishangaa kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Nani mwingine? Wewe umeolewa. Una kwenu."

Mke wangu alikuwa ameweka mikono mapajani, ile mikono iliyosuguliwa kwa mafuta ya taa, akaitazama. Mzee akaendelea, akidhani mazungumzo bado ni ya biashara. Akasema hata hivyo, kama pesa ipo, na kama ni kamili, mteja ni mteja, yeye hachagui. Bei ni ile ile. Hawezi kupunguza, kwa sababu hiyo ni mali ya mtu.

Njiani kurudi nyumbani nilitukana. Nilimtukana Bosi, nikamtukana wapima barabara, nikalitukana gari, na mzee nilimzungukazunguka bila kumtaja kama mtu anayekwepa dimbwi. Mke wangu alitembea mbele yangu. Alipofika nyumbani alivua gauni, akavaa ovaroli, akakaa sakafuni akaanza kupanga washa za mpira kwa ukubwa. Zilikuwa zimeshapangwa.

"Nimejifanya kichekesho," akasema. "Watu wote mtaani walijua ni Bosi. Na wewe ulijua?"

Nikasema sikujua. Ni kweli, sikujua. Lakini sikuwahi kuuliza pia, maana lile jipu lilikuwa halinihusu.

Kuanzia hapo likawa swali jingine kabisa. Mwanzo tulikuwa tukiulizana kama gari ni zima. Sasa gari lilikuwa zima, Sikio ameshasema, na pesa ilikuwepo, akiba yake ya kujengea karakana, ameiweka kwa jasho la shingo ile ninayoikanda. Swali lilikuwa kama mtu anaweza kununua kitu alichokwisha kukilipia kwa mgongo wake, na pesa hiyo ikaenda kwa mtu ambaye hajawahi kuinama.

Mimi nilisema hapana. Nilisema acha waliuze kwa mtu wa mbali, lipotee machoni. Nilisema utaliendesha kila siku na kila gia itakukumbusha. Nilisema pia, na hapa nilijiona nimesema la maana, kwamba asante ya punda ni mateke, na yeye ameshapigwa teke, sasa anataka kumnunua punda. Akasema punda hana kosa.

Siku kadhaa alikuwa anaondoka, anarudi, anakula, analala. Watu wengine walikwenda kulitazama gari. Mmoja alitaka kulifanya banda la kuku. Mwingine, muuza vyuma chakavu, alilizunguka akilipima kwa macho kwa uzito. Hayo niliyapata dukani, maana kinyozi hahitaji redio. Nilimwambia mke wangu kwa ulaini, nikitumaini hilo litamaliza ubishi. Nilikosea.

Kilichoamua kilikuja kwa miguu. Mwanamke mmoja alishuka kutoka kitongoji cha juu kabisa, akaja mpaka mlangoni kwetu, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Pampu yao ilikuwa imekatika bomba ndani ya kisima. Lilihitaji kuvutwa lote, kwa tripodi, ile miguu mitatu ya chuma, na mnyororo, vitu ambavyo hakuna pikipiki ya kuvibeba. Walikuwa wanateka maji kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe. Mtoto wa dada yake alikuwa anaharisha. Hakuomba, hakulia, alieleza tu, akanywa maji tuliyompa, akaitazama glasi.

"Nitakuja," mke wangu akamwambia.

"Lini, Fundi?"

"Wiki hii."

"Pikapu haitafika. Daraja la magogo limevunjika. Watu wanapita mtoni."

"Najua. Nitapita mtoni."

Mwanamke alipoondoka, mke wangu akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikasema, "Fikiri kwanza, mama." Akanijibu bila kugeuka, na maneno hayo sitayasahau:

"Nimeshafikiri. Nanunua chuma. Baba hanunuliki, kwa hiyo simnunui. Wewe ukiona mwingine analipa kisasi kwa kiu ya watu, utamwitaje?"

Nikamwambia ningemwita mjinga. Akasema, "Basi."

Tukaenda asubuhi. Mzee alikuwa uani, amevaa koti, kama mtu anayengoja wageni wa maana. Sikio alikuwepo kuwa shahidi. Mke wangu aliweka furushi la pesa kwenye meza ndogo mbele ya baba yake, kamili, kama alivyotaka, halina vipande vipande. Mzee akalipapasa kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii sana. Akalisogeza. Kisha akanigeukia mimi.

"Umejitahidi," akaniambia.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Baba?"

"Nilikuwa nakudharau. Nasema mbele ya shahidi. Nilidhani mtu wa kushika vichwa vya watu hawezi kununua hata baiskeli. Kumbe una akiba."

Nikasimama. "Baba, pesa si yangu. Pesa yote ni yake. Ni ya visima vyake. Mimi sina hata senti humo."

Mzee akacheka, mara ya kwanza kumwona akinichekea, na alicheka kwa wema, hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mke na mume mfuko mmoja. Usione haya. Mwanamume mwenye staha hajisifu."

Sikio alikohoa akatazama mabati. Mke wangu alikuwa amesimama kati yetu, karibu kabisa na baba yake, mkono wa kulia ameunyoosha, kiganja kimefunguka. Hakuwa ameuosha kwa mafuta ya taa safari hii. Alikuja na kucha zake nyeusi kama zilivyo. Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo. Akaushika kidogo. Kisha mkono wake ukapita juu ya kile kiganja, ukaja mpaka kwangu, akanibandika ufunguo mkononi na kuvifunga vidole vyangu kwa vidole vyake.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Uende nalo salama."

Ni neno la bure, hilo. Muuza nyanya huniita hivyo sokoni akitaka niongeze fungu. Kondakta huniita hivyo akitaka nisogee. Miaka yote ya Jumapili zile, miaka ya mgongo chini na oili machoni, sijawahi kusikia mzee akimwita mke wangu hivyo, na sasa neno hilo amempa mtu ambaye hata kuendesha gari hajui.

Ndiyo, sijui. Naogopa hata kiti cha mbele. Ufunguo ulikuwa wa moto kwa joto la mfuko wa mzee. Nikamkabidhi mke wangu mbele ya wote, kwa mikono miwili, na nikasema kwa sauti, "Fundi, gari lako." Sijui kama mzee alisikia. Kama alisikia, alidhani ni utani wa wanandoa.

Mke wangu alipanda. Aliwasha, na Kifaru aliitika mara moja, bila kukohoa. Mimi nikazunguka nikapanda upande wa abiria. Mzee akaja akipapasa ubavu wa gari kwa fimbo mpaka dirishani kwangu, akaweka mkono kwenye mlango.

"Mwambie asikalie klachi," akaniambia.

Mke wangu alikuwa pale pale kwenye usukani, mkono mmoja tu kutoka kwangu.

"Mwambie akifika mtoni aweke gia ya nguvu kabla ya kuingia, si akiwa ndani. Wanawake husahau."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia mbele, mguu juu ya klachi aliyoifunga yeye.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikamwambia mzee kwamba amesikia. Akaridhika, akagonga mlango mara mbili kuturuhusu.

Tukatoka getini, tukapita duka langu lililofungwa, tukaingia barabara ya vumbi inayokwenda milimani. Aliendesha vizuri mno. Alikwepa mashimo nisiyoyaona, alibadilisha gia bila gari kujua. Nilitafuta neno la kusema, na mimi ni kinyozi, maneno ni nusu ya kazi yangu, lakini sikulipata. Mwishowe nikasema, "Nisamehe."

"Wewe umefanya nini?"

"Sijui. Nisamehe tu."

Akaendesha mpaka tukakaribia kijito, akapunguza mwendo, akasimamisha gari, akaingiza gia ya nguvu. Giaboksi ikalalamika kama Sikio alivyosema, kisha ikakubali. Akaachia usukani, akanigeukia, akanipa mkono kama watu wanavyopeana kwenye sherehe.

"Hongera," akasema. "Mimi nimezaliwa nyumba ile, nimekulia nyumba ile. Wewe umezaliwa leo, na umepewa gari."

Halafu akaanza kucheka. Nikacheka naye, kwa sababu nilidhani ndicho alichotaka, mpaka nilipoona machozi yamefika shingoni. Yeye akayafuta kwa mkono wa ovaroli, akashika usukani, akaingiza gari majini.